Nyama nisiyojua ilikochinjwa: je, kusema Bismillahi kunatosha?

SWALI: Assalamu alaykum, ustadh. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Voi, na mwaka jana nilihamishiwa Nakuru. Bucha iliyo karibu na nyumba ninayokodi ni ya Mkristo. Huniambia kwamba nyama yake yote hutoka machinjioni ambako wanaochinja ni Waislamu, na hunionyesha muhuri. Waislamu wenzangu shuleni wamegawanyika. Mmoja hanunui hapo kabisa. Mwingine hula chochote, zikiwamo samosa za barabarani na nyama ya hoteli za njiani, akisema Mtume (s.a.w.) aliruhusu: taja jina la Mwenyezi Mungu kisha ule. Mwezi ujao tumealikwa Vihiga, magharibi mwa Kenya, kwenye ukumbusho wa mwaka mmoja wa marehemu mama wa mwalimu mwenzetu. Nile nini, niache nini? Na niliyokwisha kula mwaka mzima bila kuuliza, hukumu yake ni ipi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada mwalimu. Nitatanguliza jibu, kisha nieleze lilikotoka. Nyama ya bucha hiyo, kwa sifa ulizozitaja, inafaa kununuliwa na kuliwa. Samosa na nyama ya kusaga usizojua zilikotoka, ziache. Ya Vihiga itategemea ni nani atakayechinja na anachinja kwa ajili ya nini, na bado unao muda wa kulipanga jambo hilo. Uliyokwisha kula kwa kuamini hayakuwajibishi kitu. Kuhusu wenzako wawili, mmoja amejinyima alichohalalishiwa, na wa pili ameichukua hadithi sahihi akaiweka mahali pasipokuwa pake. Naanza na huyu wa pili, kwa sababu hoja yake ndiyo inayosikika sana siku hizi, hata kwa watu waliosoma.

Hadithi yenyewe imepokewa na Imamu Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.). Watu walimwambia Mtume (s.a.w.) kwamba kuna kaumu inayowaletea nyama, nao hawajui kama jina la Mwenyezi Mungu lilitajwa wakati wa kuchinja au halikutajwa. Akawajibu walitaje wao, kisha wale. Bibi Aisha akaongeza maelezo ambayo wengi huyaruka: watu hao walikuwa wametoka ukafirini karibuni. Walikuwa Waislamu, basi, ila wapya. Hapakuwa na swali juu ya mnyama ni wa aina gani, wala juu ya dini ya mchinjaji, wala kama mnyama alichinjwa au alinyongwa, maana hayo yote yalijulikana. Lililoshukiwa lilikuwa jambo moja tu, nalo ni tamko la Bismillahi kwa watu ambao huenda hawakuwa wamezijua adabu zote za kuchinja. Mtume akawafundisha kwamba tendo la Mwislamu huchukuliwa kuwa sahihi mpaka ithibitike vingine, na kwamba Bismillahi inayowahusu wao ni ile ya kula. Hakusema kuwa Bismillahi ya mlaji inaugeuza mzoga ukawa nyama iliyochinjwa. Lau ingekuwa hivyo, aya ya 3 ya Suratul Maida, inayoharimisha mzoga, damu, nyama ya nguruwe, aliyechinjwa kwa jina lisilokuwa la Mwenyezi Mungu, na aliyekufa kwa kunyongwa, kwa kupigwa, kwa kuanguka, kwa kupigwa pembe au kwa kushambuliwa na mnyama mkali ila yule mliyewahi kumchinja, isingekuwa na kazi yoyote, kwa sababu kila mtu angetaja jina la Mwenyezi Mungu mezani na mambo yakaishia hapo.

Iweke hadithi hiyo kando ya nyingine, ya Adiy bin Hatim (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Adiy alikuwa mwindaji, akauliza juu ya mbwa wake aliyefundishwa kuwinda. Mtume (s.a.w.) alimruhusu kula windo la mbwa aliyemwachia kwa Bismillahi, lakini akamwambia kwamba akimkuta mbwa mwingine pamoja na wake, na asijue ni yupi aliyeua, asile, kwa kuwa alimtajia mbwa wake tu na hakumtajia huyo mwingine. Vivyo hivyo windo aliloliona limezama majini asilile, maana hajui limekufa kwa mshale au kwa maji. Hapa pia kuna shaka, na jibu limekuwa kinyume cha lile la kwanza. Kwa Bibi Aisha uchinjaji ulithibiti, ikashukiwa adabu yake tu, na kwa Adiy kinachoshukiwa ni kama tendo la halali limetokea kabisa. Mwenzako anayekula samosa yumo katika hali ya Adiy, naye anajibu kwa hadithi ya Aisha.

Ni kutokana na hadithi hii ya Adiy ambapo wanazuoni walitoa kanuni inayoitofautisha nyama na vyakula vingine. Mchele, maharagwe, matunda na mboga asili yake ni halali, na asiyejua kitu juu yake anakula bila kuuliza. Nyama asili yake ni kuzuiwa mpaka uchinjaji wa kisheria uthibiti, kwa sababu mnyama akiwa hai haliwi, na akifa bila kuchinjwa haliwi, kwa hiyo lazima pawepo kitu kilichomtoa katika hali hizo mbili. Hata hivyo kuthibiti hakumaanishi kuona kwa macho. Sheria haikumkalifisha mtu kusimama juu ya kila ng'ombe. Dhana yenye nguvu, inayotokana na dalili zinazoaminika kwa desturi, inatosha.

Dalili hizo wanazuoni wetu wa madhehebu ya Kishafii walizizungumzia katika mfano wa kondoo aliyekutwa amechinjwa na mchinjaji hajulikani. Ikiwa katika nchi hiyo wote wanaochinja ni watu ambao machinjo yao ni halali, analiwa. Ikiwa wamechanganyika nao watu ambao machinjo yao si halali, haliwi, isipokuwa wale wa kwanza wawe ndio wengi. Mtu atasema: basi Nakuru hatuli kitu, kwa kuwa katika sensa ya 2019 Waislamu wa Kenya nzima walikuwa asilimia 11 hivi, na huku bara ni wachache zaidi. Kauli hiyo inahesabu watu wasiohusika. Mfano wa wanazuoni unamhusu anayeshika kisu, haumhusu anayepita sokoni. Na kwa desturi ya miaka mingi katika machinjio mengi ya umma ya nchi hii, kazi ya kuchinja ng'ombe, mbuzi na kondoo huachiwa Waislamu. Wenye biashara hawakuipanga hivyo kwa kutupenda. Wanajua kwamba nyama aliyoichinja Mwislamu inanunuliwa na kila mtu, ilhali isiyochinjwa na Mwislamu inapoteza wanunuzi. Nguruwe huchinjiwa mahali pengine. Kwa hiyo hesabu inayokuhusu wewe ni ya visu vilivyomo machinjioni mwenu alfajiri, na ni hesabu unayoweza kuifanya kwa swali moja msikitini, mtaani Bondeni au penginepo, kwa sababu wachinjaji wanafahamika kwa majina yao na huswali na watu.

Inafaa uijue kazi yenyewe inavyokwenda ili usiupe muhuri uzito usiokuwa wake. Mnyama hulazwa, mchinjaji hutaja jina la Mwenyezi Mungu na kukata, damu huachwa ichuruzike, ndipo wachunaji wanapoingia. Baada ya hapo huja mkaguzi wa nyama, ambaye hulikata ini kutazama minyoo, huupasua moyo na misuli ya taya kutafuta tegu, hukagua matezi na mapafu, na akiridhika hupiga muhuri wa wino juu ya mnyama aliyechunwa. Ukaguzi huo unatakiwa na Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356 ya sheria za Kenya, na shabaha yake ni afya ya mlaji. Mkaguzi haangalii Bismillahi, wala si kazi yake. Kwa hiyo ukiuona muhuri peke yake hujapata dalili ya uhalali wa kidini. Ulichopata ni dalili ya njia, yaani nyama hii ilipita machinjioni, haikutoka kichakani. Ukishajua kwa upande wa pili kwamba machinjioni hapo wanachinja Waislamu, mambo mawili yamekutana na dhana imepata nguvu. Ndiyo maana nikakuambia bucha yako inafaa.

Machinjio yenyewe nayo yana la kuuliza. Katika baadhi yake ng'ombe hupigwa bastola ya kupoozea kichwani, au hudungwa kisu kisogoni, ili aanguke kabla ya kuchinjwa. Sharti la fikihi ni kwamba uhai wa kweli uwe bado umo mwilini kisu kinapopita kooni. Akiwa amekwisha kufa kwa kipigo, huyo ni yule aliyekufa kwa kupigwa aliyetajwa katika aya, hata kama aliyemkata baadaye ni hafidhi wa Kurani. Mchinjaji mwenye kuijua kazi yake huwahi, na ukimuuliza atakueleza bila kukasirika. Ninalolilaumu zaidi kwa baadhi ya wachinjaji wetu ni haraka na visu butu siku za soko, ilhali Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Shaddad bin Aus iliyopokewa na Muslim, ametuamuru tuchinje kwa wema, tuunoe wembe na tumpumzishe mnyama.

Je, neno la mwenye bucha Mkristo linakubaliwa, anaposema nyama yangu imechinjwa na Waislamu? Linakubaliwa, maadamu hakuna kinacholikanusha. Wanazuoni wa madhehebu ya Kihanafi wameutaja mfano ulio karibu sana na wako: mtu amemtuma mtumishi wake Mmajusi (mwabudu moto) akanunue nyama, mtumishi akarudi na kusema ameinunua kwa Mwislamu, au Myahudi, au Mkristo. Wamesema nyama italiwa, kwa sababu habari za mambo ya biashara hupokewa kwa yeyote mwenye akili, watu wasije wakakwama katika maisha yao. Mmajusi mwenyewe machinjo yake hayaliwi, lakini habari yake juu ya alikonunua imekubaliwa. Mwenye bucha wako, ambaye umemzoea, ambaye anakuuzia kila wiki na anakuonyesha nyama yenye muhuri bila kuombwa mara mbili, yuko juu zaidi ya huyo.

Hivyo machinjioni si pahali penye shaka kubwa. Shaka kubwa, kwa upande huu wa nchi, iko njiani kati ya machinjio na sufuria, na sisemi hivi kwa kutisha watu. Nakuru na jirani zake tunayo yetu. Kuanzia 2016 viwanda vya kuchinjia punda vilipewa leseni nchini, kimoja kikiwa Naivasha na kingine Mogotio, Baringo. Nyama na ngozi zake zilikusudiwa soko la nje, lakini ulizuka wizi wa punda na uchinjaji wa vichakani, ukaja na malalamiko kwamba nyama hiyo inapenyezwa sokoni kama ya ng'ombe. Februari 2020 serikali ilipiga marufuku biashara hiyo, na 2021 Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku. Punda wa kufugwa ameharimishwa na Mtume (s.a.w.) siku ya Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra, na vyungu vilivyokuwa motoni vikamwagwa, kwa hiyo hata akichinjwa na Mwislamu kwa Bismillahi haliwi. Mwaka 2018, hapa hapa mjini Nakuru, mtu mmoja alihukumiwa kifungo baada ya kukiri kwamba alikuwa akichinja paka na kuwauzia nyama yao wenye kuuza samosa. Wala sikukitaja kisa hiki ili kila mwenye karai la samosa ashukiwe uhalifu. Nimekitaja kwa sababu kinaonyesha nyama ikishasagwa na kutiwa vitunguu na dania inavyopoteza kila alama: haina mfupa, haina ngozi, haina muhuri, na muuzaji mwenyewe huenda hajui alichouziwa.

Kwa hiyo, bucha ile ile inayofaa kwa nyama ya mfupa inaweza isifae kwa nyama ya kusaga iliyokuwa tayari kwenye sinia. Nunua kipande kinachoonekana kimetoka kwa mnyama aliyechunwa na kuning'inizwa, kisha mwambie akusagie mbele yako. Tazama pia gogo na kisu. Bucha za nguruwe kwa kawaida huwa mbali na hizi, lakini ukiona mahali panauzwa vyote viwili kwa gogo moja na mizani moja, ondoka, kwa kuwa najisi imeingia hata kama ng'ombe alichinjwa sawasawa. Nyama iliyo rahisi kupita kiasi, inayoletwa usiku kwa gunia badala ya kisanduku cha kubebea nyama, usiiguse. Huo ni ushahidi unaolikanusha neno la muuzaji, na nimekwisha kusema neno lake linakubaliwa maadamu halikanushwi.

Samosa, soseji na smoki za barabarani zinafuata kanuni hiyo hiyo. Muuzaji Mwislamu anayejulikana, anayesema nyama nimenunua bucha fulani nikaisaga mwenyewe, neno lake linatosha na unakula. Muuzaji usiyemjua, asiyeweza kusema nyama ilitoka wapi, yuko katika hali ya mbwa wawili wa Adiy. Soseji na smoki za kiwandani zina afadhali kwa kuwa pakiti husomeka: tafuta alama ya halali na uangalie imetolewa na chombo gani, kama vile Kenya Bureau of Halal Certification, na kama cheti kilichotundikwa hotelini bado hakijapitwa na tarehe. Neno HALAL lililoandikwa kwa rangi ukutani ni dai tu, lina nguvu ya yule aliyeliandika, si zaidi. Ama mutura, ile soseji ya utumbo ya kienyeji, haina haja ya uchunguzi wowote. Ina damu ndani yake, na damu inayomwagika imeharimishwa waziwazi katika aya ya 145 ya Suratul An'am, hata ikiwa utumbo na damu vimetoka kwa ng'ombe aliyechinjwa na imamu wako.

Namrudia yule mwenzako wa kwanza, asiyenunua kabisa. Akiacha kwa kuogopa shaka, anayo hadithi ya Nuuman bin Bashir, kwamba halali i wazi na haramu i wazi na baina yake yamo yenye kutatiza, na mwenye kuyaepuka ameisalimisha dini yake na heshima yake. Hatumlaumu. Ila uchaji unaomwongoza mtu mwenyewe si fatwa ya kuwafungia wengine, na ukiuvusha mpaka wake unakuwa wasiwasi. Imesimuliwa kwamba Umar bin Khattab (r.a.) alifika kwenye birika la maji pamoja na Amr bin al-Aas, Amr akamuuliza mwenye birika kama wanyama wakali huja kunywa hapo, Umar akasema: ewe mwenye birika, usituambie. Pasipo na dalili ya ubaya, kuchimba si ibada. Hasa ninawasihi wanaoingia nyumba ya Mwislamu, wakaandaliwa pilau, kisha wakaanza kumhoji mama wa watu nyama kaitoa wapi. Huyo ni Mwislamu, chakula chake kinapokewa kwa dhana njema, na swali hilo linamvunjia heshima.

Sasa suala la machinjo ya Mkristo, ambalo ndilo la Vihiga. Aya ya 5 ya Suratul Maida imehalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, na wafasiri wamekubaliana kwamba kilichokusudiwa ni machinjo yao, kwa kuwa mkate na matunda havikuhitaji aya. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikula mbuzi aliyeletewa na mwanamke wa Kiyahudi kule Khaybar, yule aliyetiwa sumu. Wanazuoni wengi wamelichukua jambo hili kwa upana, na wengi wa zama zetu wanatoa fatwa hivyo kwa Wakristo wa leo. Madhehebu yetu ya Kishafii, ambayo ndiyo iliyoenea pwani na iliyokuja bara na wazee wetu, imeweka sharti: kwa asiyekuwa wa kizazi cha Israili, ijulikane kwamba wahenga wake waliingia katika dini hiyo kabla ya kufutwa kwake. Sharti hilo halipatikani kwa Wakristo wa Vihiga wala wa Kisumu, ambao Ukristo uliwafikia karne moja iliyopita au zaidi kidogo. Ndiyo sababu ulikuwa ukimwona babu yako Voi akikataa, naye hakuwa akikataa kwa chuki.

Nionavyo, anayefuata madhehebu yake akaacha, amefanya vizuri na asibughudhiwe, na anayechukua kauli ya walio wengi ana aya mkononi na haambiwi amekula mzoga. Wote wawili lakini wanakutana katika masharti mawili. La kwanza ni kwamba mnyama awe amechinjwa kwa kukatwa koo akatoka damu, si kupigwa rungu, si kunyongwa. Kuku katika baadhi ya nyumba hunyongwa shingo kwa mkono, na huyo ni mzoga kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, awe amenyongwa na Mkristo au na Mwislamu. La pili ni kwamba asiwe amechinjwa kwa ajili ya mizimu au roho ya marehemu. Katika kumbukumbu za waliofariki upande wa magharibi, pengine ng'ombe huchinjwa kwa kuwalisha wageni tu, na pengine huchinjwa kama tambiko, akamwagiwa pombe au akatajiwa majina ya wazee. Huyo wa pili haliwi hata kidogo, kwa kuwa ameingia moja kwa moja katika aliyechinjwa kwa jina lisilokuwa la Mwenyezi Mungu.

Kuhusu uliyokwisha kula, ikiwa ulinunua kwa kuamini, kwa dalili za kawaida, basi ulikula halali kwa hukumu ya dhahiri, na hata ikidhihirika baadaye kwamba kipande fulani hakikuwa sawa, hapana dhambi juu ya kosa lisilokusudiwa, wala swala za mwaka huo hazirudiwi. Ikiwa zimo samosa ulizokula bila kujali, omba maghufira na usizirudie. Utasikia kisa cha Abubakar (r.a.) aliyejitapisha alipoambiwa kwamba chakula alichokula kilitokana na malipo ya ukuhani. Kisa ni sahihi, kimo katika Bukhari, na ni cheo cha Abubakar katika uchaji. Wanazuoni hawakukifanya kuwa wajibu kwa kila mtu, na daktari wako pia hatakushauri. Vyombo vilivyopikiwa nyama ya shaka huoshwa tu na kutumiwa, kama alivyoelekezwa Abu Thaalaba al-Khushani alipouliza juu ya vyombo vya watu wa Kitabu.

Na usiipigie mbio hoja ya dharura. Aya zinazoruhusu haramu zinamhusu mwenye njaa ya kuhofia maisha, na hakuna mwenye njaa hiyo katika mji wenye sukuma wiki, ndengu, maharagwe na mayai kila kona. Ukifika Kisumu ndiyo kabisa, kwa kuwa mbuta, ngege na omena havihitaji kuchinjwa na havimuulizi mvuvi dini yake. Uliza mafuta ya kukaangia tu.

Lipo jambo ambalo hukuliuliza lakini naliona chini ya swali lako, kwa vile akina mama wengi walio peke yao bara hununua nyama ya shaka kwa kukosa mwanamume wa kuwachinjia. Mwanamke huchinja. Kijakazi wa Kaab bin Malik alikuwa akichunga mbuzi mlima wa Sal', akamwona mmoja anataka kufa, akavunja jiwe na kumchinja kwa kipande chenye makali. Watu hawakula mpaka wakamuuliza Mtume (s.a.w.), naye akawaruhusu, na Bukhari ameipokea. Kwa hiyo nunua kuku wa kienyeji akiwa hai. Nyumbani, kisu kikali kiwe nyuma yako asikione. Mlaze kwa ubavu wa kushoto ukielekea kibla, mbane mbawa kwa mguu taratibu, vuta kichwa nyuma kidogo ngozi ikaze, sema Bismillahi Allahu Akbar, na upitishe kisu kwa nguvu mara moja. Lazima likatike koo la pumzi na koo la chakula, na kuikata mishipa miwili ya damu ya pembeni ni sunna kwetu, ila kichwa usikitenganishe. Kisha mwache mpaka atulie kabisa. Kosa linaloharibu kuku wengi ni kumtumbukiza katika maji ya moto ya kunyonyolea akiwa bado anatapatapa.

Ya Vihiga, basi, yanatengenezeka kwa simu. Mwambie mwalimu mwenzako sasa hivi, kwa lugha ya ujirani, kwamba miongoni mwa wageni wake wamo Waislamu, na muulize ni nani atakayechinja. Familia nyingi za huko, hasa kutokana na ujirani wao na Waislamu wa Mumias ambako Uislamu una mizizi tangu enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, zimekwisha kuzoea kumwita Mwislamu achinje ili wageni wote wale chungu kimoja, na wenyeji huliona ombi hilo kuwa heshima kwao. Akikubali, iulize familia kama kuna ng'ombe mwingine wa mila, na kama yupo, nyama yake ipikwe kando. Akisema wameshapanga mchinjaji wao na mambo hayabadiliki, nenda ukawape pole, ukae nao, ule ugali kwa mboga za majani na chai, na mwenyeji umwambie mapema ili asije akadhani umekikataa chakula chake mbele ya watu.